Karatasi Arobaini na Moja za Mzee Kifutio

Leo, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, mchoraji mkuu wa kiwanda chetu cha mapazia na mashuka anafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Zile siku tisa ofisa utumishi alitaka kuziondoa ili hesabu ikae vizuri kwenye cheti. Mwenyewe alikataa. Alisema alizifanyia kazi.

Jina lake rasmi mtalisikia likitangazwa. Sisi wa ndani tunamwita Kifutio, na waliokuja nyuma wakaongeza Mzee kwa adabu. Jina lilitoka kwenye kazi yenyewe: huchora nusu saa, kisha hufuta saa mbili. Aliingia hapa kama mkata karatasi, akakaa miaka sita bila kupewa penseli, na alipopewa hakuiachia tena. Wafagiaji wanaijua meza yake kwa yale makombo ya mpira yaliyojaa sakafuni, na nimesikia wawili wakibishana wiki hii nani atapangiwa chumba hicho sasa kwa kuwa kimekuwa rahisi.

Michoro yake mnaifahamu hata kama hamjui kwamba mnaifahamu. Pazia la "Benchi" limechapwa miaka kumi na minane mfululizo, na aliyewahi kulazwa wodini, au kusubiri daktari wa meno, au kuketi nje ya ofisi akingoja kuitwa kwenye usaili, kuna kila uwezekano kwamba amelikodolea macho. Shuka la "Bati la Mvua" lina ile mistari inayopanda na kushuka ambayo watoto hupenda kuifuata kwa kidole kabla ya kulala. "Chujio" ni vidoti vitupu, na jikoni kwangu pazia lake limetundikwa mpaka leo. Katika michoro yake yote hakuna hata ua moja. Maua, alikuwa akisema, yana watu wengi wa kuyasemea.

Wachoraji wapya walipofika kwake wakiuliza vitabu vya picha, aliwapeleka langoni wakatazame kifuniko cha mtaro. Mmoja wao, binti aliyetoka chuoni na alama nzuri, alirudi baada ya saa nzima machozi yakimlenga, akasema haoni kitu pale zaidi ya matundu. Kifutio akamuuliza ni mangapi. Binti akajibu ni sitini na manne, mawili yameziba. Akaambiwa basi ameshaanza kazi. Kuanzia kesho yeye ndiye mchoraji mkuu wetu.

Sasa nije kwenye safari zake. Orodha yetu ya bidhaa, ukurasa wa pili, inasema kwamba michoro hii ni ya "msanii aliyeikanyaga nchi nzima akitafuta nakshi." Ukweli ni kwamba Mzee Kifutio hawezi kupanda gari. Tumbo lake halikubali. Mwaka mmoja alipelekwa kwenye maonyesho kwa gari la kampuni, na hadi kilomita ya kumi na moja dereva alikuwa amesimama mara tatu. Mara ya nne mzee alishuka, akamkabidhi dereva michoro yake iliyoviringishwa, akageuka na kurudi kwa miguu. Aliwahi chakula cha mchana. Dereva ameisimulia habari hiyo kwa miaka ishirini, na kila mwaka kilomita zinaongezeka; safari hii nimesikia kumi na tisa.

Wasifu huu niliombwa niuandike kwa sababu chumba changu cha kuchanganyia rangi kimepakana ukuta na chake kwa miaka kumi na tisa. Niliambiwa uwe mfupi na uchangamshe watu. Nimejaribu, na uchangamfu wangu wote ndio huo mliousoma. Yanayofuata yananihusu na mimi, na mtanisamehe kwa kuyaandika kwenye karatasi ya sherehe, lakini sikuona mahali pengine ambapo kila aliyenisikia nikicheka angenisikia pia nikikiri.

Wiki tatu zilizopita nilimpigia simu binti yake, ambaye ni muuguzi. Nilitaka anitajie sehemu tatu nne alizotembelea baba yake, ili niweke hata kisa kimoja cha kweli. Alicheka kwanza. "Shangazi, baba huyu huyu? Baba akipanda lifti anashika ukuta. Aliyekuwa anasafiri ni mama."

Mama, yaani mke wa Kifutio, alikuwa mkagua tiketi kwenye treni za masafa marefu kwa miaka ishirini na saba. Siku nne njiani, siku tatu nyumbani. Kwenye mfuko wa koti lake la kazi alitembea na krayoni nyeusi na karatasi nyepesi nyeupe, zile za kupigia kopi za taipu. Treni iliposimama, abiria wakishuka kunyoosha miguu, yeye aliweka karatasi juu ya kitu na kuisugua kwa krayoni hadi umbo la kitu kile litokee: benchi la kusuka, ukuta wa bati, nondo za dirisha la stesheni masta, kifuniko cha sufuria ya muuza chai. Pembeni aliandika maneno machache, na mtindo wake haukubadilika. "Benchi. Stesheni ya tatu. Mvua." Wakifika nyumbani pamoja, alimpa mumewe mlangoni, kabla hata ya kuvua koti. Binti anasema watoto wa wenzao waliletewa biskuti kutoka safarini, wao wakaletewa karatasi chafu, na walinuna sana.

Kifutio alikaa na karatasi hizo wiki nyingi. Alichagua moja, akaichora, akafuta, akachora tena. Kila pazia mnalolijua lilianzia kwenye mkono wa mwanamke aliyekuwa na dakika kumi za kusimama stesheni.

Na hakutuficha. Hilo ndilo linaloniuma. Kila aliposifiwa kwa safari zake alijibu, "Si mimi, ni mama watoto," na sisi tukacheka, tukiona ni utani wa mwanamume aliyeoa vizuri. Mwaka mmoja mkewe alikuja kwenye mkutano wetu wa kufunga mwaka. Kifutio alipoitwa mbele kupewa zawadi alimnyooshea kidole akasema maneno yale yale. Tulipiga makofi. Naye alicheka, kaziba mdomo kwa mkono, na kabla ya hotuba ya pili alikuwa amelala kitini, kwa kuwa treni iliyochelewa ilikuwa imemshusha asubuhi ile. Tulimwita shemeji, tukamsogezea soda, na hakuna mtu aliyemuuliza kitu.

Tulichokijua ni kwamba siku ya treni yake kurudi, Kifutio alitoka kazini saa kumi juu ya alama, mvua au jua, akaenda kwa miguu hadi stesheni kumsubiri. Treni ikichelewa saa tatu, alisubiri saa tatu. Tulimtania kwamba yeye ni mfanyakazi wa reli asiyelipwa. Alikuwa anakubali kwa kichwa na kuendelea kufunga kamba za viatu.

Mkewe aliugua, akaacha kazi, na baada ya miezi minane akafariki. Ni miaka mitatu sasa. Wakati wa ugonjwa aliendelea kusugua krayoni, ila safari zake zilikuwa za kutoka kitandani hadi jikoni: ungo, mbao ya kukatia mboga, mlango wa kabati. Alipolazwa mara ya mwisho, Kifutio alikusanya karatasi zote, mpya na za zamani, akazitia kwenye boksi, akalifunga kwa utepe wa gundi na kulileta kazini chini ya meza yake. Hizo za mwisho hakuzitazama. Alimwambia binti kwamba nyumbani hawezi kulala nazo na kuzitupa hawezi, atazifungua akipata nguvu.

Kisha ukaja msiba, naye akawa likizo wiki mbili. Wiki hizo hizo chumba chake kilikuwa kinapakwa rangi. Mafundi walitoa vitu vyote ukumbini, na boksi likakaa pembeni ya magunia ya taka. Sisi wa chumba cha rangi tulikuwa tumemaliza mwezi mzima bila karatasi za kuandikia. Nilipita, nikalifungua. Niliona karatasi zilizochafuka weusi upande mmoja, safi upande wa pili, nikadhani ni kaboni zilizoharibika. Nikalibeba. Sikumuuliza mtu.

Karatasi zile tulifutia mipira ya kusukumia rangi kwenye kitambaa. Tulijaribia matone ya rangi. Chache zilizokuwa imara zaidi niliziandika vipimo vya rangi kwenye upande safi, kijivu sehemu kadhaa, nyeupe sehemu kadhaa, nikazitoboa na kuziweka kwenye faili.

Kifutio aliporudi kazini alitazama chini ya meza, akaenda kumuuliza mtunza stoo mara moja tu. Mtunza stoo akamwambia vya ukumbini vilichukuliwa na gari la taka. Akajibu, "Basi, sawa." Mtunza stoo anaikumbuka siku hiyo kwa sababu mzee aliendelea kusimama pale dirishani kwa muda, halafu akaomba penseli.

Tangu siku hiyo hajachora nakshi mpya. Kwa miaka mitatu amebadilisha rangi za michoro ya zamani, amepunguza hapa, ameongeza pale. Tulisema amekauka. Na mimi, kwenye kikao cha mipango cha mwaka jana, mbele ya watu kumi na wanne, nilisema kwamba siku hizi Kifutio anafuta tu, penseli kaisahau. Kila mtu alicheka. Naye alicheka. Mzee wangu, hilo nalo naliombea radhi hapa hapa.

Kwenye simu ile, binti yake alipofika kusimulia boksi, na krayoni nyeusi, na karatasi za taipu, nilimkatiza. Nilimwambia nitampigia. Nikaenda kwenye rafu, nikashusha faili, nikakigeuza kipimo cha kijivu cha mawingu. Nyuma yake palikuwa na benchi.

Binti anakadiria zilikuwa zaidi ya mia mbili. Nimepata arobaini na moja. Nyingine zote nilifutia mipira, na hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hilo.

Nilimpigia, nikamweleza yote. Aliniuliza kama kuna yenye kiatu. Alisema wiki ya mwisho kabla ya kulazwa, baba akiwa kazini, mama aliomba apelekewe kiti karibu na mlango, akaomba kiatu kizuri cha mumewe, cha kushoto, na krayoni yake. Alisugua taratibu, akipumzika mara kwa mara. Akasema, "Hii ataiona baadaye, msimwambie." Akaitia pamoja na nyingine, na baba akazifunga zote bila kutazama. Basi niliweka simu mezani nikawa nageuza moja moja, naye anasikiliza mlio wa karatasi. Ilikuwa ya thelathini na tatu. Mbele yake nimeandika kipimo cha buluu ya mashuka ya watoto, na tone moja limepenya hadi kwenye kisigino. Ni soli ya kiatu cha mwanamume, imelika upande wa nje, kama zinavyolika za mtu anayekwenda kila mahali kwa miguu.

Pembeni pameandikwa kwa mwandiko ule ule: "Kiatu chake. Mlangoni. Jua. Leo zamu yangu kusubiri."

Binti ameusoma wasifu huu kabla haujachapwa. Nilimwambia nipo tayari kuyaondoa maneno hayo. Alisema niyaache, kwa sababu baba amesema "si mimi" miaka yote hiyo na imetosha, watu wasome.

Mzee Kifutio, kiwanda kinakushukuru kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Kinamshukuru na mama watoto, kwa kuchelewa sana, kwa madirisha yote ambayo hakuwahi kuambiwa ni yake. Kuanzia toleo lijalo ukurasa wa pili wa orodha yetu utasema michoro hii ni ya watu wawili. Mkurugenzi ameridhia na nimeiona saini yake.

Chini ya kiti chako kuna boksi. Vipimo vyangu nimevinakili kwenye daftari jipya, kwa hiyo hakuna karatasi unayodaiwa kuirudisha. Mwandiko wangu uko nyuma ya kila moja na hautoki, nimejaribu kwenye pembe ya moja nikaacha nisije nikaharibu zaidi. Sikuombi uniambie "basi, sawa." Ulishaisema mara moja kwa ajili yangu bila kujua ni mimi.

Wanaostaafu huambiwa safari njema. Wewe tunakutakia kukaa kwema, tumbo lililotulia, penseli iliyochongwa, na siku ndefu za afya pamoja na binti na wajukuu. Ile ya kiatu nimeiweka juu kabisa. Usiitoe hapa. Nenda nayo kwa miguu kama ulivyozoea, ufike, ukae mlangoni, uvue viatu, ndipo uitazame.