Kipima Moshi Namba Nne

Benchi la nje ya kiwanda cha magodoro lilikuwa na watu watatu, na nafasi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Mpole, mwenzao wa ghalani, alizikwa juzi. Waya ulishika moto ghalani mchana kweupe, na ule mfumo wa kompyuta uliosifiwa kwamba unajiamulia wenyewe lini ufungue maji ya kuzima moto, ukasubiri dakika sita. Swichi, msimamizi wa chumba cha kompyuta, alishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili bila kunywa.

— Mashine ilinuna ile, alisema Kamanda, mlinzi wa lango. Wiki nzima haijafutwa vumbi!

— Inune kwani mke wako? alidakia Profesa, mshonaji asiyekosa jibu. Iliona magodoro yatalowa, ikaona heri aungue mtu.

— Roho mbaya kumshinda meneja!

— Na majina yetu inayo. Kesho itachagua mwingine.

— Haikuchagua mtu, alisema Swichi. Haikuwa na uhakika. Kipima moshi namba nne kilisema moto, vingine vitatu vikasema shwari. Ikabidi ipime imwamini nani.

— Lakini namba nne ndicho kilichokuwa juu ya kichwa cha Mpole! alisema Kamanda.

— Ilishajifunza kutokiamini.

— Nani kaifundisha ujinga huo?

Swichi aliangalia viatu vyake.

Hapo akafika mwanamke aliyebeba mfuko wa nguo za kazi.

— Habari zenu, kaka zangu. Mimi dada yake Mpole. Nimekuja kuchukua vitu vyake.

Walimpa pole, wakamsogezea kikombe. Akaonja, akatabasamu kidogo.

— Kumbe ndiyo hii! Marehemu aliisifu mno kahawa yenu. Alisema mnapika wenyewe humo ndani. Mnapikia wapi?

Kamanda akaitazama birika. Profesa akageuza uso kuelekea ghalani.

Walipikia ghalani, kwenye kona isiyo na upepo, chini ya namba nne. Miezi mitatu, kila asubuhi, moshi wa jiko la mafuta ukipanda kengele ililia, na kompyuta ilimuuliza Swichi kama ni kweli. Swichi alibonyeza "Si moto", kisha akateremka kuchukua kikombe chake.

— Nimeuliza vibaya? alisema yule dada.

— Hapana, dada yangu, alisema Swichi, akakiweka chini kikombe chake bila kukionja.