Nazario Sarabia na Mapumziko ya Saa Sita

Wasifu huu unasomwa na Hermelinda, mdogo wake marehemu, hapa Madera, leo Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024.

Nazario Sarabia Quiroz alizaliwa tarehe 28 Julai 1979 katika kijiji cha Santa Rufina Yucuñama, milimani Oaxaca, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Eleuterio na mama Crispina. Mama yao husema kwamba hata titi Nazario alilinusa kwanza, ndipo akanyonya. Alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni, na familia haioni haya kulisema, kwa sababu mara nyingi alichokishuku kilikuwa kweli.

Alisoma shule ya kijijini hadi darasa la nne. Mwalimu wao alikuwa akija siku mbili kwa wiki, lakini kwenye daftari la mahudhurio akiandika tano. Mkaguzi alipofika, watoto wote wakaitikia kama walivyofundishwa, isipokuwa Nazario, aliyenyoosha mkono.

"Bwana mkubwa, huyu mwalimu hata jina langu halijui. Hebu muulize."

Mwalimu akaulizwa, akamwita Nicolás. Mkaguzi aliondoka, mwalimu akabaki, na masomo ya marehemu yakaishia hapo.

Mwaka 1998 alivuka mpaka akaja Madera, akaingia kwenye mashamba ya zabibu, na huko alifanya kazi miaka ishirini na sita. Kila mwisho wa Agosti alikata vichala na kuvitandaza juu ya karatasi, chini katikati ya mistari, vikauke kwa jua. Alianza enzi ambazo mvunaji alivaa sweta asubuhi. Miaka hii jua limegeuka adui, na sheria ikataka maji ya baridi, kivuli, na mapumziko ya dakika kumi kila baada ya saa mbili. Kampuni ikamnunulia nyapara, Abundio Cervera, kipimajoto. Nyapara akakitundika chini ya turubai la kivuli, kando ya mapipa ya barafu. Nazario akanunua chake, akakifunga kwenye mzabibu, kimo cha goti.

"We Nazario, mbona unapimia huko chini?" nyapara akauliza.

"Kwani wewe huwaona watu wakivunia turubaini?"

Cha nyapara kilisoma nyuzi thelathini na tatu, cha Nazario arobaini na moja. Watu walicheka sana, kisha wakaendelea kuvuna, maana malipo yalikuwa kwa karatasi iliyojaa, si kwa nyuzi.

Tarehe 12 Februari 2005 alifunga ndoa na Fidelina, aliyekuwa akiuza sokoni tamale, ile mikate ya mahindi ya kufungwa kwa majani. Kabla ya kuposa, alimtuma shangazi yake mara tatu akawaulize majirani tabia za binti. Baba mkwe alipopata habari akang'aka: "Huyu anaoa au ni askari kanzu?" Siku ya harusi Fidelina alimwambia mbele za watu, "Umemaliza kunipeleleza, mume wangu? Haya, sasa zamu yangu." Walijaliwa watoto wawili na walipendana sana.

Mwaka jana daktari alimwambia figo zake zimechoka kwa joto na kiu, akamwonya asikose maji wala kupumzika. Kampuni sasa inadai ni figo hizo zilizomuua. Alhamisi tarehe 5 Septemba kampuni hiyo ilitaka shamba lote litandazwe upesi ili zabibu ziwahi kukauka kabla ya mvua, na mapumziko ya saa sita yakarukwa. Saa saba na nusu mchana, Nazario aliuliza mbona kumeingia giza, akaanguka. Hospitali walikuta joto la mwili wake limefika nyuzi arobaini na mbili. Alifariki saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Kampuni imetoa fomu ya mapumziko ya siku hiyo. Kwenye nafasi ya saa sita limeandikwa jina la Nazario. Mkaguzi wa usalama kazini amesema wazi: fomu hiyo ikisimama, kesi imekwisha, kwani itaonekana marehemu alipumzishwa akaugua mwenyewe. Kwa siku tisa familia imesema nyapara ameghushi. Imemtazama kwa jicho la pembeni hata alipoleta shada la maua, kubwa ajabu, lililofika kanisani kabla ya jeneza. Haraka ya nini? Hata sasa ameketi safu ya mwisho, karibu na mlango.

Aliyemshuku kwa sauti kubwa kuliko wote ni Hermelinda. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Wavunaji walioketi hapa wanaijua desturi: fomu husainiwa asubuhi, mapumziko yote ya siku kwa mpigo, mikono ikiwa bado safi, kwa sababu ikifika mchana vidole vinanata utamu wa zabibu na vumbi, na fomu ikichafuka kampuni huirudisha. Aliyeipitisha asubuhi ile ni Hermelinda, naye mvunaji wa shamba lile lile. Nazario alikataa kuigusa.

"Nisaini nini? Mimi sijapumzika."

"Kaka, usituletee balaa leo. Nyapara atatufukuza sote."

"Na afukuze."

"Saini bwana, fomu tu hiyo!"

Nazario akaenda kwenye mstari wake. Hermelinda akajibanza nyuma ya lori, akaandika jina la kaka yake kwenye kila nafasi. Mwandiko ule si wa nyapara. Ni wa anayewasomea.

Wifi yake Fidelina analisikia hili sasa hivi kwa mara ya kwanza. Hermelinda anamwomba radhi mbele ya jeneza, wala hamlazimishi kumpa. Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa kwa mkaguzi kuyasema haya haya. Kazi ataikosa, anajua, na anaogopa. Wote waliosaini asubuhi ile anawasihi waje, kwani akienda peke yake ataambiwa ni mwongo mwenye uchungu.

Marehemu ameacha mjane, Fidelina. Watoto, Itzel na Rogaciano. Mama yake, Crispina, aliyeko Yucuñama. Kaka wawili, na dada mmoja.

Mungu amlaze mahali penye kivuli.