Kijana Huyu Hakuiba Mpira

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wakuu, askari wenzangu, wazazi wetu, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa ilhali viti vya mbele viko wazi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi kama mkuu wa kituo cha polisi niliandikiwa hotuba ya kufungua uwanja huu wa voliboli. Ni hotuba nzuri, imejaa neno "ushirikiano". Mniwie radhi, sitaisoma. Naona haya kuitamka mbele ya mama mmoja aliyeketi hapa.

Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, askari wangu wamecheza na vijana wa mtaa huu katika timu za mchanganyiko, wakifundishwa na sajenti wetu, mwanamke asiyejua kubembeleza mtu. Vijana waliokuwa wakituona wanaruka ukuta walianza kutuita kaka na dada. Nani asingejivuna? Mimi nilivimba kichwa.

Mwezi uliopita, kijana mnayemwita Nyoya, kwa vile akiruka huchelewa kutua, alikuwa akirudi nyumbani na mpira wa timu kwapani. Doria ikamsimamisha.

"Mpira umeutoa wapi?" koplo akauliza.

"Ni wa kituo chenu, afande. Muhuri huu hapa."

"Kumbe unaiba mpaka kituoni!"

Nyoya akamtazama vizuri. "Koplo, ni mimi. Jumamosi nilikupandishia mpira ukapiga."

Jibu likawa kofi. Kijana akalala mahabusu.

Nilipomwita koplo ofisini, alisema huku ameinamia viatu vyake: "Mkuu, bila jezi sikumtambua."

Ndugu zangu, neno hilo lilinivua nguo. Miaka yote hiyo tulifanya urafiki na watoto wenu, au na jezi?

Jumamosi iliyofuata hakuja kijana hata mmoja. Askari walirushiana mpira wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyecheka. Nikataka kutuma gari likawaite. Sajenti akanikatiza: "Mkuu, uliyemkosea humwiti. Unamfuata, tena kwa miguu."

Tukaenda. Mama yake Nyoya ni fundi cherehani, na hakusimamisha mashine. "Mwanangu alitoka hapa mzima, akarudi jicho limevimba. Leo mmefuata nini, mguu?"

Nikasema tumekuja kuomba radhi.

"Radhi ya sebuleni siitaki, baba. Mlimpitisha mtaa mzima kama mwizi, watu wakiona. Mkamsafishe watu wakiona."

Ndiyo maana nimesimama hapa, mama. Wananchi, sikieni kutoka kinywani mwangu: kijana huyu hakuiba kitu. Koplo yuko mbele ya kamati ya nidhamu, lakini aibu hii si yake peke yake. Askari wawili waliokuwa naye walimjua Nyoya, wakanyamaza. Nami asubuhi ile nilimfungulia mlango wa mahabusu bila hata neno la pole, nikidhani mlango unatosha.

Nyoya, samahani. Sikuombi uje kunipa mkono. Hapa mbele ya watu ungekuja kwa kunistahi tu, na umeshatustahi vya kutosha.

Mheshimiwa, kwa idhini yako, utepe ule usikatwe leo. Tuuache pale mpaka siku vijana hawa watakapotaka wenyewe kuingia. Wakichelewa, tutangoja. Wasipokuja, tutajua tulichokivunja.

Nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Sikustahili.