Fundi Kimya na Sakafu Iliyoandikwa Kuwa Imeshindwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kimya, alizaliwa tarehe 4 Aprili 1978, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama mshonaji. Dada yake, anayewasomea maneno haya, alikuwa na miaka saba na hakupenda kuhamishwa mapajani mwa mama.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1996, akaingia karakana ya baba. Dada alikwenda chuoni, akarudi na stashahada ya ujenzi. Mgeni akija, baba alimwonyesha viungo vya mbao vya mwanawe. Cheti cha binti kilikuwa ukutani, na hakuna aliyekiulizia.

Kuanzia 2003 marehemu alijenga nyumba za mbao za ghorofa. Shida ya nyumba hizo mnaijua: wa juu akitembea, wa chini anahesabu hatua. Mafundi wengine humwaga zege juu ya mbao au hubandika sponji kwa gundi. Yeye alikataa. “Ukishagandisha mbao, siku ya kubomoa zinakwenda jalalani zote,” alisema. “Mti umekua miaka arobaini, wewe unautumia mara moja tu?” Aliweka mchanga mkavu kati ya tabaka mbili za mbao, akazilaza juu ya vipande vya mablanketi chakavu, na kila kitu alikifunga kwa skrubu ili kifunguliwe na kutumika tena.

Siku moja alimketisha mama chumba cha chini, akapanda kuruka kamba mpaka jasho likamtiririka. Aliposhuka akamuuliza, “Mama, umesikia nini?”

“Nisikie nini, na wewe hujaanza? Fanya haraka, mwanangu, nimeacha sufuria motoni.”

Mama alicheka wiki nzima. Dada hakucheka.

Tarehe 18 Novemba 2006 alimwoa muuguzi, ambaye alizoea kulalamika, “Mume kimya, nyumba kimya, sasa nigombane na nani?” Walijaliwa watoto wawili.

Wasifu unaoficha ukweli ni sifa za bure, kwa hiyo linalofuata litasemwa hapa, mbele ya jeneza. Mwaka 2019 marehemu alijenga nyumba ya wapangaji ya ghorofa tatu, na mkaguzi wa majengo alikuwa dada yake. Ukaguzi ulipangwa Jumatatu, tarehe 21 Oktoba. Dada alifika Ijumaa iliyotangulia, huku tundu la kupitishia bomba likiwa bado wazi. Msimamizi wa mafundi akamwomba, “Dada, subiri tuzibe hapo, sauti yote inapita humo.” Akajibiwa, “Mimi napima ninachokikuta.” Akaandika kwamba sakafu imeshindwa kuzuia sauti, zege liongezwe.

Marehemu alikataa zege, akanyang’anywa kazi. Mjini wakasema sakafu zake zinapiga kelele. Akabaki kutengeneza milango.

Alikwenda ofisini kwa dada yake mara moja tu. “Dada, lile tundu uliliona?”

“Sikuliona.”

“Haya, dada. Kazi njema.” Hakuuliza tena.

Aliliona. Si sheria iliyoandika ripoti ile. Ulikuwa wivu wa mwenye cheti kwa mwenye mikono, na wivu wa ndugu hauna udogo.

Februari 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Dada alimpeleka hospitali kila Alhamisi, wakazungumza mambo yote isipokuwa hilo. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Jana asubuhi barua ya kuifuta ripoti ile ilipokelewa ofisini, ikiwa na sababu yake na sahihi ya aliyekosa. Adhabu itakayotoka ni halali yake. Ninyi mafundi mliohudhuria, mkiulizwa mjini, semeni wazi: sakafu ya marehemu haikushindwa.

Ameacha mama, mjane, binti, mwana, na dada aliyechelewa kusema.

Mwenyezi Mungu amlaze pema, na jina lake likiwa safi.