Mikono Miwili, Fidla Moja: Maisha ya Ndugu Yetu Sikio

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 katika hospitali ya mji, kifungua mimba wa fundi seremala na mkewe, mshonaji. Jina la Sikio alilipata akiwa na miaka tisa, alipomwambia mwalimu wa kwaya mbele ya darasa zima kwamba kinanda cha shule kinadanganya. Kilipokaguliwa, kweli kilikuwa kinadanganya, ila adhabu alikuwa ameshaimaliza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1996 hadi 2002, akamaliza sekondari 2006, na mwaka 2008 akapata cheti cha ufundi wa redio na vipaza sauti. Masomo hayakumpa shida; kukaa kimya ndiko kulikomshinda. Gitaa alifundishwa na mjomba wake, na kabla hajafikisha miaka kumi na minane alikuwa mpigaji wa bendi ya hoteli. Mchana alitengeneza redio katika chumba cha mbele cha nyumba yao.

Jumapili jioni baba alipiga fidla, naye Sikio akamfuata kwa gitaa. Hayo yalikoma tarehe 3 Agosti 2012, msumeno wa karakana ulipokata vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa baba. Fidla ikawekwa juu ya kabati. Mtu akiitaja, baba alijibu, "Kidole kimoja hakivunji chawa, na viwili havipigi fidla." Mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka 2015 Sikio aliishusha fidla, akaipangusa vumbi, akamwomba baba amfundishe. Alidhani mpiga gitaa wa miaka yote ile hawezi kushindwa na kitu chenye nyuzi nne. Mkono wa kushoto ulielewa upesi, ingawa mwanzoni vidole vilitafuta vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa vinavyoonyesha pa kubonyeza, visivione. Upinde, ule ufito wa kusugulia nyuzi, ndio uliomtoa jasho. Siku ya kwanza mama aliita kutoka jikoni, "Huo mlango wa stoo utieni mafuta jamani, nyumba ya seremala hii."

Baba alicheka, kitu ambacho hakikuwa kimesikika mle ndani kwa muda mrefu. "Mkono wako wa kushoto umehitimu, bwana," alisema. "Wa kulia bado uko chekechea. Lete huo upinde." Akaiweka fidla chini ya kidevu chake, akavuta upinde, na Sikio, aliyekaa kushoto kwake, akabonyeza nyuzi. Tangu siku hiyo walipiga hivyo kila Jumapili, watu wawili na fidla moja.

Tarehe 9 Desemba 2017 Sikio alifunga ndoa na mpokea wageni wa hoteli. Walijuana dada huyo alipokwenda kuishtaki bendi kwa Sikio mwenyewe. "Kaka, mtu ameagiza chumba kwa simu, mimi nasikia gitaa tu. Nimempa vitatu." Dada huyo ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo ya mashuka, na humo Sikio alijifunza upinde kila Jumamosi. Nyumbani aliaga kwamba anaipeleka fidla kubadilishwa nyuzi. Hakuna fidla iliyobadilishwa nyuzi mara nyingi kama ile.

Kufikia mwisho wa 2018 aliweza kupiga wimbo mzima peke yake. Mkewe akamuuliza kwa nini hamwambii mzee. "Nikimwambia atanipa upinde," alisema Sikio. "Halafu yeye atashika nini?" Basi kila Jumapili akaendelea kulalamika: "Baba, huu mkono bado mzito." Mwaka uliofuata walijaliwa binti, ambaye alikua akiamini kwamba fidla zote hupigwa na watu wawili.

Januari 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na baada ya mwaka mmoja vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Jumapili moja ya Mei 2023 alisema, "Baba, leo vidole vimegoma." Baba alimtazama, kisha akampa upinde. "Basi vuta wewe." Hapakuwa na wa kubonyeza. Sikio akavuta nyuzi tupu, moja baada ya nyingine, polepole, bila hata mkwaruzo. Mama aliacha vyombo akaja kusimama mlangoni.

"Huu mkono ulihitimu lini?" baba aliuliza.

"Mwaka wa kumi na nane, baba."

"Nilijua. Fidla ilikuwa ikirudi na nyuzi zilezile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kunidanganya," alisema baba. "Nami nilikuwa napenda kupiga."

Sikio aliaga dunia asubuhi ya tarehe 21 Juni 2023, saa nne, katika hospitali ileile alikozaliwa, akiwa na miaka thelathini na minne. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa kulia.

Ameacha mjane, binti wa miaka minne, baba, mama, na mdogo wake wa kike aliyeandika wasifu huu. Kabla hatujamfukia, baba atavuta upinde juu ya nyuzi tupu. Msishangae wimbo ukikosa vidole. Mwenye navyo ndiye tunayemsindikiza. Apumzike kwa amani, na mikono yake yote miwili ipumzike.