Turbo ya Tatu

Fundi cherehani alikuwa amefumba macho ndani ya basi, ila masikio hayana mfuniko. Kiti cha mbele yake, bwana mmoja alipakata turbo mpya, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, iliyoviringishwa taulo kama kichanga.

"Hii ya tatu, mzee wangu," alimwambia jirani yake, dereva mstaafu wa malori. "Gari nimelifumua lote. Pistoni mpya, viti vya nyuma nimeng'oa, hata redio. Jumapili nashindana. Ila hizi turbo wanatuuzia feki!"

"Zote mbili zilikuwa feki?"

"Zote! Zimeungua."

"Ukishamaliza kulikimbiza, unafanyaje?"

"Nazima, nashuka, watu wanapiga picha."

Mzee alicheka puani. "Turbo ikiwa bado nyekundu kwa moto? Ukizima, oili haizunguki tena, beringi zinaungua. Iache injini ingurume kwanza, dakika mbili tu."

"Hayo mambo ya malori, mzee. Hili ni gari la mbio."

Sikio la kufa halisikii dawa, fundi aliwaza, hata dawa ikiwa ya bure.

Basi likafika mwisho wa safari. Kwa sheria ya basi lile, milango haifunguliwi mpaka injini izimwe. Dereva akavuta breki ya mkono, akakunja mikono, injini ikaendelea kunguruma. Dakika nzima ikapita. Abiria wakaanza kuguna.

"Dereva, tunangoja nini?"

"Napoza turbo," akajibu bila kugeuka.

 Mzee alimtazama tu jirani yake. Yule bwana akaikumbatia taulo yake, akapaza sauti kuliko wote: "Zima bwana! Wengine tuna haraka!"