Maji Aliyoyaingia Baba

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini na sare zenu, poleni kwa msiba na poleni kwa jua hili, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, ninafua taulo na mashuka pale kwenye hoteli ya chemchemi, ukoo umenituma niwasomee maisha ya baba, na nisiwafiche, tangu jana naogopa kuisoma karatasi hii.

Baba yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, katika zahanati ile ya juu kilimani, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1966 hadi Desemba 1972, kisha akajifunza ufundi bomba kwa mjomba wake, na mwaka 1977 akaajiriwa idara ya maji, ambako alichimba mitaro na kuunga mabomba kwa miaka tisa bila barua hata moja ya onyo, jambo alilotukumbusha kila tulipoleta nyumbani ripoti mbaya za shule.

Tarehe 4 Agosti 1986 alihamishiwa kutunza chemchemi ya maji moto, wakati huo ikiwa shimo tu lililozungukwa na matete, wenye magoti mabovu wakija kujikanda, na kwa kuwa maji yale hutoka ardhini yakitokota, aliyachanganya na ya baridi kwa koki aliyoiweka mwenyewe, halafu akapima kwa kiwiko, kama mzazi anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, kiwiko kikikubali mgonjwa anaingia, kikikataa anasubiri, awe mkubwa kiasi gani, na hapo ndipo walipomwita Kiwiko, nasi shuleni tukaitwa watoto wa Kiwiko, tukalia weee, mwishowe tukazoea.

Miongoni mwa waliosubirishwa alikuwa shangazi yake mama, mgonjwa wa magoti ila mdomo mzima, aliyemporomoshea baba matusi ya kutosha wiki nzima, na mama, aliyekuwa amemsindikiza, akashindwa kujizuia akacheka, kicheko hicho ndicho kilichomponza, wakafunga ndoa tarehe 20 Juni 1987, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu sita. Mama yupo hapa mbele. Mama, jikaze, nakaribia pagumu.

Mwekezaji wa kwanza alikuja mwaka 1998, akajenga vyumba sita na mabwawa mawili, na mwaka 2019 ikaja kampuni ya sasa, na vyumba vya kukandwa, mafuta ya kunukia, na bango kubwa barabarani lenye picha ya baba amekunja mkono wa shati, familia kumi na moja za hapa, yetu ikiwemo, zikatoa viwanja vyao zikapewa hisa, kwa hiyo msinielewe vibaya, mimi si adui wa hoteli, hoteli imewaezekea wengi wenu mabati, na mimi mwenyewe inanilisha.

Lakini tarehe 14 Februari 2020 mtoto wa mgeni alitoka bwawani analia, miguu imemwiva, dakika chache tu baada ya baba kusema maji ni mazuri. Mtoto alipona, baba hakupona ile hofu, alikwenda zahanati, muuguzi akamchoma sindano viwiko vyote viwili, mara tatu kila kimoja, naye baba akauliza zoezi linaanza saa ngapi, ndipo akajua kwamba zaidi ya miaka thelathini ya maji moto imemtia ganzi moja kwa moja, na kwamba siku zile zote alikuwa anabahatisha. Alinunua kipimajoto, mkurugenzi wa hoteli akakiona, akacheka, akamwambia akirudishe nyumbani maana kinawatia wageni wasiwasi, wageni wanalipa nauli kuja kumwona Kiwiko, na baba akaogopa kumweleza kwa nini anakihitaji.

Akanifuata chumba cha kufulia, akafunga mlango, akaniambia kwamba maji hayajui tena, na jamani, sijawahi kumwona mtu mzima anaogopa vile. Kuanzia siku ile, kila saa kumi na mbili asubuhi, nilipita bwawani na rundo langu la taulo, nikachovya kiwiko changu mimi, maji yakiwa sawa nikatundika taulo nyeupe, yakiwa makali nikatundika ya bluu, naye akaongeza ya baridi, kisha mbele ya wageni akakunja mkono, akachovya, akafumba macho, akatabasamu, nao wakapiga makofi. Tuliwadanganya hivyo miaka mitatu na miezi saba, hakuungua mtu, ila usingizi ulituhama, mimi nikiota watoto waliobabuka, yeye akiacha chakula mezani kila aliposikia mtu akipiga kelele, hata zikiwa kelele za mpira.

Karatasi niliyoletewa kutoka ofisini, iliyochapwa vizuri, inasema hapa kwamba marehemu aliteleza, na mkurugenzi yupo safu ya pili, ananitazama, lakini baba hakuteleza. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 23 Septemba 2023, ilikuwa siku ya kujaribu bwawa jipya, linalopata maji kutoka kisima kirefu kilichochimbwa mwaka huu, wenye kampuni walikuwepo na wapiga picha wao, na mlinzi akanizuia kwenye uzio na taulo zangu, akisema ni waalikwa tu. Niliuona mvuke, nilimwona mke wa mmoja wa wenye kampuni ameshavua viatu, nilimwona baba akinitafuta kwa macho, hakuona nyeupe wala bluu, akachovya kiwiko, akakaa hivyo muda mrefu, halafu hakutabasamu, alimrudisha yule mama nyuma kwa mkono, akaingia mwenyewe na nguo zake, hadi kiunoni, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kupima.

Mimi nilikuwa hatua ishirini. Nilijua, nilifungua mdomo nipige kelele, nikawaza kazi, nikawaza zile hisa, nikawaza watajua tumewadanganya, nikaufunga, na kelele iliyofuata ilikuwa ya baba.

Alilazwa wodi ya majeraha ya moto siku tisa, aliuliza zaidi ya mara moja kama yule mama aliungua, tukamwambia hapana, na Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani usiku na mchana, majirani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake mliobeba jeneza, na kampuni iliyolinunua. Jana, hapa hapa matangani, mkurugenzi aliniambia bwawa jipya linafunguliwa keshokutwa Jumamosi, watoto wa familia zenye hisa ndio wataingia kwanza, ili wapigwe picha, na mimi nitapima maji badala ya baba, nami nikaitikia ndiyo, nikamshukuru na mkono nikampa, kwa woga tu, hakuna kingine.

Ndiyo yangu hiyo naifuta mbele yenu. Joto la kisima kile halijapimwa na mtu yeyote, nimeuliza ofisini, nimeuliza mafundi, kwa hiyo nawaomba, ninyi mliowabeba watoto hapo mlipo, Jumamosi wabaki nyumbani, hata mimi nikifukuzwa kazi leo, hata viwanja vyetu vikipotea. Bado naogopa, baba, ila safari hii nimesema, nimechelewa siku kumi na mbili, unisamehe. Pumzika, mzee wetu, kwa amani ambayo hukuipata kazini.